Mashine Pepe Haipati Intaneti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kompyuta, walimu wa skuli na mafundi wa ofisi, Unguja na Pemba, wanaotumia VirtualBox, VMware, Hyper-V au KVM, programu za kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyengine. Yanaanza na mepesi na kuishia na magumu. Mwenye haraka asome swali la 3, kisha aruke hadi sehemu inayomhusu.

Ombi moja tu kabla ya kuanza: usiifute mashine ukaiweka upya. Utamaliza bando na mchana mzima, na mara nyingi kosa halimo ndani ya mashine. Limo njiani, kati yake na kompyuta uliyoishika.

## Mambo ya msingi

1. Laptopu yangu inafungua kila kitu. Kwa nini mashine pepe iliyomo ndani yake haina intaneti?

Kwa sababu hizo ni kompyuta mbili. Mashine pepe ina kadi yake ya mtandao iliyotengenezwa na programu, ina anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), na inahitaji anwani yake ya IP, lango lake (mlango wa kutokea nje) na DNS yake (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba). Laptopu, ambayo humu tutaiita kompyuta mwenyeji, ndiyo yenye waya au Wi-Fi ya kweli, na ndiyo inayoamua kama mgeni wake, yaani mashine pepe, apite na kwa njia gani. Alama ya Wi-Fi unayoiona kwenye laptopu haisemi lolote kuhusu mgeni.

Kwa sababu hiyohiyo, mashine pepe haioni Wi-Fi. Ukitafuta orodha ya mitandao ya Wi-Fi ndani yake hutaikuta, na hilo si tatizo. Yenyewe inadhani imechomekwa waya.

2. Kuna NAT, "Bridged" na "Host-only". Nichague ipi?

NAT, mpaka upate sababu ya kufanya vyengine. NAT ni kama S.L.P. ya skuli: barua zote zinatoka na kuingia kwa anwani moja, na karani ndiye anayejua ipi ni ya nani. Mtandao wa nje unamuona mwenyeji tu. Ndiyo maana NAT hufanya kazi karibu popote ambapo laptopu yenyewe ina intaneti.

"Bridged", yaani daraja, huiweka mashine kwenye mtandao wa jengo kama kompyuta nyengine yoyote, nayo huomba anwani moja kwa moja kwa ruta. Inafaa pale ambapo wengine ofisini wanatakiwa kuifikia, kwa mfano seva ya mafaili. Kwenye Wi-Fi ina matatizo yake. Tazama swali la 9.

"Host-only" humuunganisha mgeni na mwenyeji peke yao, basi. Haina njia ya kwenda nje kwa makusudi. Kwenye VirtualBox anwani zake kwa kawaida huanza na 192.168.56, na ukiziona hizo tu kwenye mashine inayolalamika, jibu umeshalipata. Ukihitaji vyote viwili, wekea mashine kadi mbili: ya kwanza NAT, ya pili "Host-only".

3. Haifunguki chochote. Nianzie wapi?

Anza na mwenyeji. Funga mashine pepe na ufungue ukurasa mpya kwenye laptopu, si ule uliokwisha kuufungua asubuhi. Kama laptopu nayo haifungui, kosa liko nje. Kuna siku kosa huwa mbali zaidi ya hapo: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Siku kama hiyo hata ubadilishe mipangilio yote, hakuna kitakachosaidia.

Mwenyeji akiwa mzima, ingia ndani ya mashine na uulize mambo manne kwa mpangilio huu. Una anwani? Kwenye Linux andika `ip a`, kwenye Windows `ipconfig`. Hakuna anwani, nenda swali la 4. Una lango? `ip route` ikuoneshe mstari unaoanza na `default`. Hakuna, nenda swali la 6. Unafika nje kwa namba? `ping 1.1.1.1`. Unafika nje kwa jina? `ping example.com`. Namba ikijibu na jina likagoma, kosa ni la DNS, swali la 7. Namba ikigoma, soma kwanza swali la 19.

Usiruke hatua. Wengi huanza kwa kubadilisha DNS kwa sababu waliona video, kumbe mashine haina hata anwani.

## Mashine haina anwani

4. `ip a` haioneshi IPv4, au Windows inaonesha anwani inayoanza na 169.254. Maana yake nini?

Maana yake mashine iliomba anwani na hakuna aliyeijibu. Windows ikikosa jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani, hujipa yenyewe anwani ya 169.254, Linux mara nyingi hubaki bila ya kitu.

Kwenye VirtualBox tazama "Settings", kisha "Network". Kadi iwe imewashwa, na chini kabisa kisanduku cha "Cable Connected" kiwe na alama. Kisanduku hicho kinasahaulika mno. Kisha badilisha kwa muda kuwa NAT: anwani sahihi hapo huwa 10.0.2.15, lango 10.0.2.2 na DNS 10.0.2.3. Ikipata hizo, mashine ni nzima na kosa lilikuwa kwenye daraja.

Kwenye VMware ya Windows, hakikisha huduma mbili za mwenyeji zinafanya kazi: VMware NAT Service na VMware DHCP Service. Programu za "kusafisha kompyuta" hupenda kuzizima. Kwenye KVM, mtandao wa kawaida huenda umelala. Uamshe kwa `sudo virsh net-start default`, kisha `sudo virsh net-autostart default` ili uamke wenyewe siku zote. Ukiamka, wageni hupata anwani za 192.168.122.

5. Nimehamisha mashine kutoka VirtualBox kwenda VMware na kadi "imepotea".

Haikupotea, imebadilika jina. Linux huipa kadi jina kufuata mahali ilipochomekwa. Kwenye VirtualBox huwa mara nyingi `enp0s3`, kwenye VMware `ens33`. Faili la mipangilio bado linataja jina la zamani. Kwa Ubuntu ya seva fungua faili lililomo `/etc/netplan/`, sahihisha jina, kisha `sudo netplan apply`. Chunga nafasi mwanzoni mwa mistari, kwani faili hilo halisamehe.

6. Anwani ipo lakini hakuna mstari wa `default`.

Mara nyingi mtu aliandika anwani kwa mkono akasahau lango, au aliandika lango la mtandao wa nyumbani kisha akahamia ofisini. Rudisha DHCP kwanza, uone kama itapona.

Watumiaji wa Hyper-V wana kisa chao. "Default Switch" hubadilisha anwani zake pale Windows inapozimwa na kuwashwa. Anwani uliyoiandika kwa mkono jana leo haina maana. Kwenye swichi hiyo tumia DHCP tu, na ukihitaji anwani isiyobadilika tengeneza swichi nyengine.

Kwa mashine yenye kadi mbili, angalia zisiwe zote mbili zinadai kuwa njia ya nje. Kadi ya "Host-only" haitakiwi kuwa na lango.

## Anwani ipo, kurasa hazifunguki

7. Namba zinajibu, majina hayajibu.

Hapo DNS ndiyo iliyogoma, na sababu kubwa hapa kwetu ni kuhama. Umewasha mashine ukiwa nyumbani Chake Chake, ukafunga kifuniko cha laptopu bila ya kuizima, ukaifungua ofisini Wete. Mwenyeji amepata DNS mpya, mgeni bado anauliza ile ya nyumbani. Izime mashine kabisa kisha iwashe.

Ikiwa hilo halikusaidia, jaribu `nslookup example.com 1.1.1.1`. Ikijibu, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama DNS ya mashine. Kwenye Ubuntu usihangaike kuhariri `/etc/resolv.conf`, ndani utaona 127.0.0.53, na ukibadilisha itaandikwa upya. Weka DNS kwenye netplan, na utazame matokeo kwa `resolvectl status`.

Kuna ofisi ambazo zimezuia DNS za nje. Huko 8.8.8.8 haitajibu kamwe. Uliza fundi wa ofisi DNS ya ndani ni ipi.

8. Kurasa zinakataa kwa kusema cheti si halali, au `apt` inasema faili "is not valid yet".

Tazama saa ya mashine. Umeme umekatika, laptopu ikalala na mashine pepe ikiwa wazi, ikaamka siku ya pili: mgeni anadhani bado ni jana. Vyeti vya usalama na orodha za `apt` hupimwa kwa tarehe, kwa hiyo intaneti ipo lakini kila mlango unafungwa. Andika `timedatectl`, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`.

Ikiwa saa imekosea kwa saa 3 kamili, mashine inachanganya UTC (saa ya kimataifa) na saa yetu. Weka eneo kuwa `Africa/Dar_es_Salaam`, na kwenye VirtualBox angalia kisanduku cha "Hardware Clock in UTC Time".

## Wi-Fi, hotspoti na bando

9. "Bridged" inafanya kazi ofisini kwa waya, nyumbani kwa Wi-Fi inagoma. Kwa nini?

Kwenye Wi-Fi, kifaa hujitambulisha kwa anwani ya MAC, na kituo hukubali mawasiliano ya anwani hiyo iliyojisajili. Mashine pepe iliyo kwenye daraja inaleta anwani ya pili kupitia redio ileile, na vituo vingi huitupa. VirtualBox na VMware hujaribu kuficha jambo hilo kwa kubadilisha anwani njiani, na kuna ruta zinazokubali, kuna zisizokubali. Si kosa lako na si la mashine.

Kabla ya kukata tamaa angalia jambo moja: kwenye mipangilio ya daraja, menyu ya "Name" inataja kadi gani? Laptopu yenye waya na Wi-Fi ina kadi mbili, na programu huweza kuchagua ile isiyotumika. Kama imechagua sawa na bado inagoma, tumia NAT. Ukitaka wengine waifikie mashine, soma swali la 13.

10. Natumia hotspoti ya simu au modemu ya USB. Nifanye nini?

NAT, bila ya mjadala. Modemu nyingi za laini ya simu hazifanyi kazi kama kadi ya kawaida ya mtandao, kwa hiyo daraja juu yake kwa kawaida halisimami. Hotspoti ya simu ni Wi-Fi, na yaliyosemwa kwenye swali la 9 yanaihusu. Tena ya iPhone hutoa anwani chache za 172.20.10, ambazo hutosha vifaa vichache tu.

11. Nipo kwenye Wi-Fi ya hoteli au mkahawa yenye ukurasa wa kuingiza vocha. Laptopu imeingia, mashine haiingii.

Mafundi wanaohudumia hoteli za Nungwi na Paje wanalijua hili. Mfumo wa vocha hukumbuka kifaa kwa MAC. Mashine kwenye daraja ni kifaa kipya, inahitaji vocha yake. Kwenye NAT inapita kwa jina la laptopu na haiulizwi. Ukilazimika kutumia daraja, fungua kivinjari ndani ya mashine na uende anwani ya `http` isiyo na `s`, ili ukurasa wa vocha ujitokeze. Seva isiyo na kivinjari itakupa tabu, weka NAT.

Tena mitandao mingi ya wageni huzuia vifaa visionane. Mashine inaweza kuwa na intaneti safi na bado mwenzako wa meza ya pili asiione.

12. Bando linaisha upesi tangu niweke mashine pepe. Inakula nini?

Masasisho. Windows mpya ndani ya mashine hushusha masasisho yake yenyewe, mbali na yale ya laptopu, na yanaweza kufika gigabaiti kadhaa. Mwenyeji anaweza kuwa ameambiwa kwamba laini ni ya kulipia, lakini mgeni hajui. Anaona waya tu. Nenda "Settings" ya Windows iliyo ndani ya mashine na uwashe "Metered connection" huko pia. Ubuntu nayo ina masasisho ya kujiendesha na ya snap.

Kwa maabara yenye mashine nyingi za Ubuntu au Debian, ushauri wangu ni kuweka `apt-cacher-ng` kwenye kompyuta moja. Husikiliza kwenye poti ya 3142, na kila kifurushi hushushwa mara moja tu kwa ajili ya wote. Mwalimu anayelipia bando mfukoni mwake ataiona tofauti siku hiyohiyo. Na somo lisipohitaji mtandao, ondoa alama ya "Cable Connected". Mashine haitakula hata megabaiti.

## Mashine nyingi, nakala na maabara

13. Mashine yangu ya NAT ina seva ya tovuti. Nitaifikiaje kutoka kwenye laptopu?

NAT inaruhusu kutoka, hairuhusu kuingia mpaka uiambie. Kwenye VirtualBox fungua "Port Forwarding" na uelekeze, kwa mfano, poti 2222 ya mwenyeji kwenda 22 ya mgeni, na 8080 kwenda 80. Kisha kwenye laptopu fungua `http://localhost:8080`. Wengine kwenye mtandao huohuo watatumia anwani ya laptopu, ikiwa ukuta wa moto wa laptopu umewaruhusu.

Kuifikia kutoka nje ya mtandao kabisa, kupitia laini ya simu, ni jambo jengine. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na hakuna poti utakayoifungua nyumbani ikabadilisha hilo. Kodi mashine ndogo kwenye wingu.

14. Mashine mbili za NAT zote zina 10.0.2.15. Zitagongana?

Hazigongani, kila moja iko kwenye mtandao wake uliofungwa. Ila ndiyo maana hazionani. Ukitaka zionane na ziwe na intaneti, tengeneza "NAT Network" na uziweke zote humo.

15. Nimenakili mashine moja mara nyingi kwa ajili ya wanafunzi. Intaneti inaingia na kutoka, mara kwa huyu, mara kwa yule.

Nakala zinagombania anwani moja. Sababu ya kwanza ni MAC: wakati wa kunakili chagua kutengeneza anwani mpya za MAC kwa kadi zote. Hilo wengi wanalijua.

Sababu ya pili imewapotezea mafundi mchana wa kazi. Ubuntu ya seva hujitambulisha kwa DHCP kwa kutumia kitambulisho kilichomo `/etc/machine-id`, si kwa MAC. Nakala zote zina kitambulisho kimoja, basi hata MAC zikitofautiana ruta inazipa anwani ileile. Kabla ya kunakili, kwenye mashine ya asili andika `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id` na uizime. Kila nakala itajitengenezea chake ikiwashwa. Kama nakala zimeshagawiwa, ongeza `dhcp-identifier: mac` chini ya kadi kwenye netplan.

## VPN, Docker na visa vigumu

16. Nikiwasha VPN kwenye laptopu, mashine inakatika.

VPN, njia ya siri ya kupitisha mawasiliano kupitia seva nyengine, hubadilisha njia za mwenyeji na mara nyengine hukataa kupitisha chochote kisichotoka kwake. NAT ya VirtualBox kwa kawaida huvumilia, kwa sababu hufungua mawasiliano kwa niaba ya mgeni kana kwamba ni programu ya kawaida. Hyper-V na WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) husumbua zaidi. Kwa WSL kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 22H2, weka kwenye faili la `.wslconfig`, chini ya `[wsl2]`, mstari `networkingMode=mirrored`, kisha `wsl --shutdown`.

Kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN nchini wazisajili. Ofisi inayotegemea VPN ilimalize hilo kabla ya kumtuma fundi atafute kosa kwenye mashine.

17. Kurasa nyepesi zinafunguka, nzito zinaning'inia. SSH (ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) inaunganika kisha inaganda.

Shuku ukubwa wa pakiti. Njia ya kawaida hupitisha baiti 1500. VPN na baadhi ya laini hupitisha pungufu. Kwenye Linux jaribu `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`, namba ambayo ikijumlishwa na baiti 28 za vichwa hufika 1500. Ikikataa, shuka mpaka ikubali. Kwa kujaribu tu, punguza kwa `sudo ip link set dev ens33 mtu 1400`, ukiweka jina la kadi yako. Kipimo hiki hakiaminiki ndani ya NAT ya VirtualBox; kifanyie kwenye mwenyeji.

18. Nimeweka Docker kwenye seva ya KVM, mashine zote za daraja zimekosa intaneti.

Docker, programu ya kuendesha programu nyengine ndani ya makontena, huweka kanuni ya kutupa mawasiliano yanayopita bila ya ruhusa, na daraja lako linanaswa humo. Ruhusu kwa `sudo iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT`, ukibadilisha `br0` kwa jina la daraja lako. Kanuni hiyo hupotea seva ikizimwa, kwa hiyo ihifadhi.

19. `ping` inagoma lakini kivinjari kinafanya kazi. Nina tatizo?

Huna. Mitandao mingi huzuia `ping`. Kipimo cha kweli ni `curl -I https://example.com`.

## Mashine zilizo kwenye wingu

20. Nimekodi mashine Cape Town au Johannesburg. Haitoki nje.

Huko hakuna laptopu mwenyeji ya kuchezea. Kwa AWS, wingu la Amazon, angalia vitu vitatu: mashine ina anwani ya nje, jedwali la njia lina `0.0.0.0/0` inayoelekea kwenye lango la intaneti, na kanuni za usalama zinaruhusu kutoka. Ikiwa inatoka lakini wewe huifikii, ni kanuni za kuingia. Mara nyingi poti 22 imeruhusiwa kwa anwani yako ya jana, na laini ya simu imekupa nyengine leo.

Barua pepe zisipotoka kwa poti 25, usitafute kosa. Watoa huduma wakubwa huibana kwa kuzuia barua taka. Tumia 587 kupitia huduma ya barua.

## Kuomba msaada

21. Nimejaribu yote. Nimpelekee fundi nini?

Mpelekee jina na toleo la programu, aina ya mtandao uliyochagua, na kama mwenyeji yuko kwenye waya, Wi-Fi au hotspoti. Ongeza matokeo ya `ip a`, `ip route` na `resolvectl status`, au `ipconfig /all` kwa Windows, ya mgeni na ya mwenyeji pia. Nakili maandishi yenyewe. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu dirisha likiwaka nyuma haisomeki. Na mwambie ulibadilisha nini mara ya mwisho kabla haijagoma, hata kama unaona hakihusiani.